Dawa za Shambani na Uhai wa Mto Sabaki

Wavuvi wa kamba wanaotega nyavu zao karibu na mlango wa mto Sabaki, kaskazini mwa mji wa Malindi katika pwani ya Kenya, huniuliza swali moja kwa namna nyingi: je, dawa wanazopiga wakulima kule juu, Kakuyuni, Jilore na Langobaya, zinaweza kufika huku na kuwaua viumbe wa mtoni na wa baharini? Mzee mmoja alinikabili waziwazi akasema, "Mwanangu, wewe umesomea mambo ya maji. Tuambie kama ni kweli au ni maneno ya watu tu." Nilimjibu, "Mzee wangu, jibu lipo, lakini ndani yake mna hesabu, na hesabu yenyewe ina mapengo." Nimeandika makala haya ili niieleze hesabu hiyo hatua kwa hatua, nionyeshe inasema nini kuhusu mto wetu, na nionyeshe pia ni wapi inapotupotosha tukiichukua ilivyo kutoka kwa wenzetu bila kuitazama mara ya pili.

Msingi wake ni mambo mawili. La kwanza ni ukali wa dawa kwa kiumbe fulani, na la pili ni kiasi cha dawa hiyo kinachomfikia kiumbe huyo majini. Dawa kali sana isiyofika mtoni haimdhuru samaki, na dawa hafifu inayomwagika mtoni kila siku inaweza kumwangamiza. Kutathmini hatari maana yake ni kuyaweka mambo haya mawili pamoja, kila moja kwa tarakimu yake, kisha kuuliza kama kiasi kinachofika kinakaribia au kinapita kiwango kinachodhuru.

Ukali hupimwa maabara. Samaki wadogo huwekwa katika maji yenye viwango mbalimbali vya dawa kwa muda wa saa 96, na kinachotafutwa ni kiwango ambacho nusu ya samaki hao hufa. Dafnia, mdudu mdogo wa maji baridi aliye jamaa wa mbali wa kamba, hupimwa kwa saa 48 ili kuona ni kiwango gani kinachoifanya nusu ya dafnia ishindwe kuogelea. Mwani mdogo usioonekana kwa macho hupimwa kwa saa 72 kwa kuangalia ukuaji wake umepungua kiasi gani. Taratibu hizi zimewekwa na OECD, shirika la nchi mbalimbali la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo, na ndizo zinazotoa takwimu ambazo kampuni hupeleka kwa wasimamizi wa dawa katika nchi nyingi, hapa kwetu ikiwa ni Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Kuua Wadudu, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 1982.

Nachagua dawa moja ili hesabu isibaki hewani. Lambda-sihalothrini ni pirethroidi, kundi la viuawadudu lililotengenezwa kwa kuiga sumu ya maua ya pareto, na hupatikana katika maduka mengi ya agroveti kwa ajili ya viwavi, vidukari na inzi weupe. Kwa samaki wa Marekani aitwaye bluegill, kiwango kinachoua nusu kwa saa 96 ni takriban mikrogramu 0.21 katika lita moja ya maji. Kwa dafnia ni kama mikrogramu 0.36. Msomaji asiyezoea vipimo hivi na akumbuke kwamba mikrogramu moja ni sehemu moja ya milioni ya gramu, kwa hiyo tunazungumzia kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona wala ulimi kukionja.

Hata hivyo hakuna anayetaka mto ambao nusu ya samaki wake wamekufa. Kwa sababu hiyo watathmini wa Ulaya huigawa tarakimu hiyo kwa 100, na mwongozo uliotolewa mwaka 2013 na Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya unaeleza kwa kirefu lini mgawanyo huo hutumika na lini unaweza kupunguzwa kwa vipimo vya ziada. Mgawanyo huo umewekwa kwa sababu samaki wa mtoni si wa aina moja, wengine ni dhaifu kuliko yule aliyepimwa, na mto una shida nyingine ambazo maabara haina. Tukigawa 0.21 kwa 100 tunapata mikrogramu 0.0021 kwa lita, na hiki ndicho kiwango ambacho kwa hesabu ya mwanzo kinakubalika.

Sasa tutazame upande wa pili, kiasi kinachofika majini. Watathmini wa Ulaya huchukulia mtaro au mkondo wenye kina cha sentimita 30 uliopakana na shamba, kisha hutumia vipimo vilivyofanywa Ujerumani vinavyoonyesha matone ya dawa hupeperushwa kiasi gani kwa umbali mbalimbali kutoka mahali pa kupulizia. Kwa mazao ya kawaida ya shambani yaliyopuliziwa mara moja, mita moja kutoka ukingoni, huchukuliwa kwamba asilimia 2.77 ya dawa hutua juu ya maji. Mkulima akipuliza gramu 20 za lambda-sihalothrini kwa hekta, hizo ni miligramu 2 kwa kila mita ya mraba. Asilimia 2.77 yake ni miligramu 0.0554, nazo zikichanganyika na lita 300 zilizo chini ya mita hiyo ya mraba, tunapata takriban mikrogramu 0.185 kwa lita. Kiwango hicho kinakaribia kabisa kile kinachoua nusu ya samaki, na ni kama mara 88 ya kile kinachokubalika.

Matokeo ya namna hii hayamaanishi kwamba dawa hupigwa marufuku papo hapo. Hatua inayofuata ni kuuliza kama hatari inaweza kupunguzwa, na njia ya kwanza ni umbali. Kwa vipimo hivyohivyo vya Ujerumani, katika mita 10 upeperushaji hushuka hadi asilimia 0.29, na kiwango majini huwa karibu mikrogramu 0.019. Kimepungua sana, lakini bado ni zaidi ya mara tisa ya kinachokubalika, na ndiyo sababu Ulaya hulazimisha pia midomo ya kunyunyizia inayotoa matone makubwa yasiyobebwa na upepo kwa urahisi. Hapa Kenya, Kanuni za Usimamizi wa Rasilimali za Maji za mwaka 2007 ziliweka ukanda wa kingo za mto kuwa si chini ya mita 6 wala si zaidi ya mita 30. Yeyote anayelijua bonde la Sabaki anajua kwamba nyanya, mabamia na matikitimaji hupandwa ndani ya ukanda huo, kwenye udongo mbichi ambao mto huuacha unapopungua. Siwalaumu wakulima hao. Hapo ndipo palipo na maji na rutuba, na asiye na pampu ya dizeli wala mabomba marefu hana mahali pengine pa kulima wakati wa kiangazi. Lakini tathmini inayodhani kwamba kuna mita 10 za nyasi kati ya nyanya na maji haimhusu mkulima huyu hata kidogo.

Kuna pengo jingine, na kwa maoni yangu hili ndilo kubwa kuliko yote. Hesabu niliyoionyesha inahusu matone yanayopeperushwa na upepo tu. Miongozo kamili huongeza maji yanayotiririka kutoka shambani baada ya mvua na yale yanayopita katika mifereji ya chini ya ardhi. Haihesabu mtu anayeteremka mtoni na pampu yake ya mgongoni kuchota maji, akachanganya dawa palepale ukingoni, akapuliza, kisha akarudi kuisuuza pampu katika maji yaleyale. Mwongozo huchukulia kwamba jambo hilo limekatazwa kwenye lebo na kwa hiyo halitendeki. Kwetu hutendeka, kwa sababu mto ndio bomba la mkulima.

Tufanye hesabu ya pampu moja. Dawa yenye gramu 50 za lambda-sihalothrini kwa lita, ikitiwa mililita 10 katika pampu ya lita 20, hutoa mchanganyiko wenye miligramu 25 kwa kila lita. Chukulia kwamba nusu lita tu imebaki chini ya pampu baada ya kazi. Ndani yake mna miligramu 12.5. Ili kiasi hicho kishuke hadi kile kiwango cha kuua nusu ya samaki, kinahitaji kuchanganyika na lita 60,000 za maji, yaani matangi sita ya lita 10,000. Ili kishuke hadi kiwango kinachokubalika kinahitaji karibu lita milioni sita, ambazo ni sawa na ziwa lenye kina cha mita moja na ukubwa wa ekari moja na nusu. Ukilinganisha na hesabu ya upepo, suuzo hilo moja ni sawa na dawa yote ambayo ingepeperushwa kwenye mtaro wa upana wa mita moja na urefu wa mita 225. Hapo sijahesabu kifuniko cha dawa isiyochanganywa kinachooshwa mtoni, wala chupa tupu zinazotupwa kwenye matete.

Katikati ya mto mkubwa wakati wa masika, nusu lita hiyo hupotea haraka. Mwezi wa Februari, mto unapokuwa umejigawa katika vijito vyembamba na vidimbwi vilivyotengwa na mchanga, haipotei. Katika vidimbwi hivyo ndimo perege na kambare hukimbilia kungoja mvua, na ni katika vidimbwi hivyohivyo mkulima huchota maji. Ulaya yenyewe, baada ya kupima mito yake kwa miaka mingi, iligundua kwamba sehemu kubwa ya dawa zilizokuwa mtoni haikutoka kwenye upepo wala mvua bali ilitokana na kumwagika na kuosha mitambo uani mwa shamba, ikajenga sehemu maalumu za kuoshea. Sisi tunaweza kulitatua jambo hili kwa gharama ndogo sana: maji yachotwe kwa ndoo safi isiyoguswa na dawa, kuchanganya kufanyike mbali na ukingo, na suuzo lipulizwe tena juu ya mimea ileile hadi pampu iwe safi. Katika mapendekezo yote niliyonayo, hili ndilo ningeanza nalo kesho asubuhi, kwa sababu halimnyimi mkulima dawa wala mavuno.

Sasa nifike kwenye tope. Sabaki si mtaro wa maji maangavu. Ni mto unaoanzia nyanda za juu karibu na Nairobi kwa jina la Athi, ukapita tambarare kavu, ukaungana na mto Tsavo na kuitwa Galana, na unapotufikia huwa umebeba udongo mwingi kiasi cha kuipaka bahari rangi ya kahawia. Pirethroidi haipendi maji. Hukimbilia chembe za udongo na kushikamana nazo kwa nguvu sana. Kwa hiyo ukichota maji ya Sabaki na kuyachuja kabla ya kuyapima, unaweza kupata karibu na sifuri, ukafurahi, na kumbe dawa yote iko kwenye tope ulilolitupa pamoja na kichujio.

Tabia hii ina pande mbili, na ni lazima zote zisemwe. Dawa iliyoshikamana na udongo humfikia samaki wa maji ya kati kwa shida zaidi, kwa hiyo tope humkinga kwa kiasi fulani, na hesabu ya mtaro maangavu inaweza kuzidisha hatari yake. Kwa upande mwingine, tope hilo halibaki likielea. Mto unapokutana na bahari mwendo hupungua, chumvi husaidia chembe kugandana, na mashapo hutua mlangoni, kwenye mikoko na kwenye tambarare za matope ambako heroe na ndege wahamiaji hutafuta chakula. Wanyama wanaoishi ndani ya tope hilo au wanaolila, kama funza wa wadudu wa maji, minyoo, kaa wadogo na kamba wachanga, hukutana na dawa ambayo kipimo cha maji hakikuiona. Kwa mto kama huu ningetaka kipimo cha mashapo kiwe cha lazima, na kipimo cha maji kiwe cha nyongeza. Kuna jamaa mdogo wa kamba aishiye chini ya maji huko Amerika, aitwaye Hyalella azteca, ambaye nusu yake hufa kwa lambda-sihalothrini kwa kiasi cha mikrogramu 0.0023 tu kwa lita. Mtazame tena yule samaki wetu wa kwanza: kiwango tulichokiita kinakubalika, baada ya kugawa kwa 100, ni 0.0021. Ulinzi wote wa mgawanyo ule umekwisha kwa kiumbe huyu mmoja.

Ndiyo maana swali la wavuvi wa kamba si la kupuuzwa. Kamba, kaa na wadudu wa shambani ni watu wa ukoo mmoja kimaumbile, wenye miguu ya viungo na mishipa ya fahamu inayofanana, na dawa iliyobuniwa kuuharibu mfumo wa fahamu wa kiwavi haina namna ya kumtambua kamba na kumwacha. Kamba wa Ghuba ya Ungwana hutaga baharini, lakini wachanga wao huingia kwenye milango ya mito na mikoko ili wakue, yaani huja mahali hasa ambapo mashapo ya mto hutua. Vipimo vinavyotumika kusajili dawa, kwa sehemu kubwa, havimjui kamba huyu. Samaki wa trauti hupimwa katika maji yenye baridi ambayo maji ya huku kwetu hayaifikii. Jambo hilo pia halina jibu moja: pirethroidi huwa kali zaidi katika maji ya baridi, ilhali viuawadudu vya kundi jingine, la klorpirifosi, kwa kawaida huwa kali zaidi maji yanapopata joto, na maji ya joto hubeba oksijeni kidogo, kwa hiyo kiumbe huingia kwenye mapambano akiwa tayari amechoka.

Mfano wa imidaklopridi, kiuawadudu kingine, unaonyesha vizuri jinsi kumchagua kiumbe asiyefaa kunavyoweza kupotosha tathmini nzima. Dafnia huvumilia dawa hiyo kwa kiasi cha ajabu. Inahitajika takriban miligramu 85 kwa lita, yaani mikrogramu 85,000, ili nusu yao washindwe kuogelea. Aliyeitazama tarakimu hiyo peke yake angesema dawa ni salama kabisa kwa wadudu wa maji. Mwaka 2013 wachunguzi wa Uholanzi walionyesha kwamba watoto wa wale wadudu wa mtoni wenye mikia mitatu, ambao hukua chini ya maji kisha huruka kwa muda mfupi tu na kufa, hulemazwa na mikrogramu moja au mbili kwa lita. Tofauti hiyo ni ya makumi ya maelfu. Ulaya ilizuia matumizi yake mashambani mwaka 2018 kwa ajili ya nyuki, lakini ushahidi wa majini ulikuwa mzito pia. Wadudu hao ndio chakula cha samaki wadogo, na samaki anaweza kupungua mtoni bila hata mmoja kuelea tumbo juu.

Mkulima hawezi kuyajua haya kwa kuitazama chupa, na hapa nina malalamiko ya kweli. Mstari wa rangi ulio chini ya lebo, mwekundu, wa njano, wa buluu au wa kijani, hufuata madaraja ya Shirika la Afya Duniani, na madaraja hayo yanahusu ukali wa dawa kwa binadamu anayeimeza au kuigusa. Hayasemi lolote kuhusu samaki. Klorothalonili, dawa ya kuvu ambayo imetumika kwa miaka mingi kwenye nyanya, imo katika daraja la chini kabisa la orodha hiyo, ilhali makumi machache tu ya mikrogramu kwa lita yanatosha kuwaua samaki. Ipo alama ndogo ya samaki kwenye lebo nyingi, lakini ni ndogo, na wauzaji wengi wa dukani hawaielezi. Muuzaji anapomwambia mteja, "Hii ni ya kijani, mama, haina shida," anasema sehemu tu ya ukweli kuhusu mwili wa mama huyo, na anamdanganya kuhusu kisima na mto bila kukusudia.

Wapo pia wanaoamini kwamba dawa ya asili haiwezi kudhuru. Wazee wa pwani wanaijua utupa, mmea ambao majani yake yakipondwa na kutiwa kidimbwini huwalevya samaki wakaelea. Sumu yake huzuia chembe za mwili zisitumie oksijeni, nayo ni ya asili kabisa. Pareto yenyewe ni ya asili, na huwaua samaki. Tofauti yenye maana ni muda: sumu ya utupa na ya pareto huvunjwavunjwa upesi na jua, na pirethroidi za viwandani zilibuniwa makusudi zistahimili jua ili zidumu juu ya majani. Sheria ya uvuvi ya mwaka 2016 imekataza kuvua kwa sumu ya aina yoyote, na tunakumbuka kwamba mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulisimamisha ununuzi wa samaki wa Ziwa Victoria kutoka Kenya, Tanzania na Uganda kwa sababu ya taarifa za uvuvi wa kutumia viuatilifu. Aliyeumia zaidi wakati huo ni mvuvi aliyekuwa akivua kwa haki.

Kuhusu mchanganyiko wa dawa nitasema kwa ufupi, ingawa si jambo dogo. Wakulima wengi huchanganya dawa mbili au tatu katika pampu moja ili kuokoa nguvu. Tathmini ya kusajili hutazama kila bidhaa peke yake, lakini samaki hukutana nazo kwa pamoja. Mara nyingi madhara hujumlishwa, na mara nyingine huzidishwa: baadhi ya dawa za kuvu huzuia vimeng'enya ambavyo mdudu wa majini hutumia kuiondoa pirethroidi mwilini, na hivyo dawa ya wadudu huwa kali kuliko ilivyopimwa.

Majira nayo yana neno lake. Kusi linapovuma, tope la Sabaki husukumwa kaskazini kuelekea Mambrui na Ghuba ya Ungwana. Kaskazi inapoingia, tope hugeukia kusini, na ndipo fukwe za mji wa Malindi hubadilika rangi na mashapo kufika hadi Hifadhi ya Bahari ya Malindi, iliyotangazwa mwaka 1968 na yenye matumbawe na majani ya baharini. Mvua za vuli huangukia kipindi hicho cha mgeuko, na mvua ya kwanza baada ya kiangazi ndiyo husomba dawa nyingi zaidi kutoka juu ya udongo. Kwa majani ya baharini hofu yangu kubwa ni dawa za magugu kama atrazini, ambazo hushikamana kidogo na udongo, huyeyuka majini na husafiri mbali; Australia imekuwa ikipambana kwa miaka na dawa za aina hiyo zinazotoka mashamba ya miwa na kuingia katika maji ya Great Barrier Reef. Wala si haki kuwabebesha lawama zote wakulima wa Kakuyuni na Langobaya, kwa kuwa mto huu umepita kwenye kahawa ya Ruiru na mashamba ya maua ya tambarare za Athi kabla ya kuwafikia. Tathmini ya haki ingepima huko juu pia, ili ijulikane nani anachangia nini.

Kwa hiyo nikiulizwa tuanze vipi, jibu langu ni hili. Sampuli zichukuliwe Baricho, mahali ambapo miji ya Malindi, Kilifi na Mombasa hupata maji yake, zichukuliwe tena darajani Sabaki, na tena mlangoni ndani ya mikoko. Zichukuliwe mara mbili za lazima: mwishoni mwa kiangazi ndani ya vidimbwi, na ndani ya saa chache baada ya mvua ya kwanza kubwa ya vuli, kwa sababu dawa hupita kwa mkupuo na anayefika baada ya wiki moja hukuta maji yamekwisha kwenda. Kila mahali yachukuliwe maji yasiyochujwa pamoja na tope la juu, sentimita chache tu, na viumbe wa chini ya mawe wahesabiwe, maana kutoweka kwa wale wadudu wenye mikia mitatu mahali ambapo walikuwa wengi ni ushahidi ambao hauhitaji mtambo wa gharama. Kamba wachanga wa hapahapa wawekwe katika tope lililochotwa mlangoni, na wengine katika tope safi, ili ulinganisho ufanywe kwa kiumbe ambaye maisha ya watu wetu yanamtegemea.

Na majibu ya maabara yanaporudi, jambo la kwanza la kusoma ni uwezo wa mtambo. Maabara isiyoweza kuona chini ya mikrogramu 0.05 kwa lita itaandika kwamba lambda-sihalothrini haikugunduliwa, ilhali kiwango hicho ni zaidi ya mara 20 ya kile kinachoua nusu ya wale jamaa wadogo wa kamba. Ripoti ya namna hiyo isikubaliwe kuwa ushahidi wa usalama, na wavuvi wanaokaa kwenye vikao vya ufuo na maofisa wana haki ya kuuliza, kabla ya sampuli ya kwanza kuchotwa, mtambo utakaotumika unaona hadi kiwango gani.